Taa Ambayo Haikuwashwa

Asubuhi ile mama aliamka na raha zake. Alivaa gauni lake la kijani, lile la kwendea harusini, akajipaka mafuta mpaka kwenye viwiko, kisha akaniuliza kama viatu vyeusi vinamfaa mtu anayekwenda kukaa gizani. Nikamwambia gizani hata ndala zinafaa. Akanijibu kwamba ndiyo maana mpaka leo sijaolewa.

Alikuwa anakwenda kazini kwa mkwe wake. Mume wa dada yangu, yaani shemeji yangu, anafanya kazi kwenye maabara inayopima macho na masikio ya watu. Si kama pale unaposomeshwa herufi ukutani ukauziwa miwani. Wao wanatafuta mwisho wenyewe, mwanga mdogo kuliko wote ambao jicho la binadamu linaweza kuuona, na sauti ndogo kuliko zote ambayo sikio linaweza kuinasa. Mama alipoelezwa kazi hiyo kwa mara ya kwanza, kabla hata ya posa, alifikiri kidogo kisha akauliza: kumbe mtu anasoma miaka yote hiyo ili aende akazime taa? Shemeji alicheka mpaka machozi yakamtoka, na tangu siku hiyo wakapendana. Sijaona mkwe na mama mkwe walioelewana kama wale. Nalisema hili mapema ili ujue ni kitu gani kilivunjika.

Siku hizo mama alikuwa amehamia kwao. Dada alikuwa na mimba ya kusumbua, na daktari alimwambia alale, asinyanyue hata ndoo. Basi mama akawa anapika, anafua, anamkanda miguu na kumgombeza kwa mapenzi. Bila mama nyumba ile isingekwenda. Shemeji naye alikuwa anatafuta watu wazima wa kujitolea kupimwa na hawapati, mama akajitolea mwenyewe. Alijisifu kwamba anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, na kwamba akiwa uani anasikia mfuniko wa sufuria ukifunuliwa jikoni. Hilo la mfuniko ni kweli tupu. Makofi yake niliyala mimi. Tukamwacha jirani akae na dada, nami nikaenda nao kwa sababu sikuwa na kazi siku ile na nilitaka kumcheka mama.

Chumba chenyewe kiko ghorofa ya juu, mwisho wa korido, kati ya stoo na choo. Kuta zimevishwa sponji nyeusi, hata dari. Kina milango miwili mizito, mmoja nyuma ya mwingine, na katikati pana nafasi ya mtu mmoja kusimama, ili mwanga wa nje usipenye. Ndani kuna kiti, kitu cha kuegemezea kidevu, hedifoni, na kitufe unachokishika mkononi. Ukutani, mbele ya macho yako, kuna tundu dogo. Unakaa kwenye giza muda mrefu mpaka macho yazoee. Kisha unasikia mlio, na baada ya mlio taa hafifu mno inawaka kwenye tundu. Ukiiona, unabonyeza. Usipoiona, unatulia. Baadaye mchezo ni ule ule, ila badala ya taa ni sauti.

Lakini wana hila yao. Mara nyingine mlio unalia na taa haiwashwi kabisa. Wanafanya hivyo makusudi ili wamnase mtu anayebonyeza ovyo. Wao huiita mitego. Shemeji alinieleza haya huku akinivutia kiti kando yake katika chumba cha nje, mbele ya skrini. Nyuma yetu alikaa mkuu wake wa kazi, mwanamke wa makamo asiyependa utani. Kwenye skrini mstari wa kijani ulikuwa taa ya kweli, wa njano ulikuwa mtego, na mtu akibonyeza inatokea nukta nyekundu juu ya mstari. Mtoto wa chekechea angeelewa.

Mama alipunga mkono kama anayepanda ndege, akaingia. Milango ikafungwa.

Ukaja mstari wa kijani. Hakuna nukta. Ukaja mwingine wa kijani. Hakuna kitu. Ukaja wa njano, na nukta nyekundu ikatokea.

Nilicheka kidogo kwa sababu nilidhani mama kachelewa tu, anaijibu taa ya nyuma. Shemeji naye alitabasamu. Ikaja kijani, kimya. Njano, nukta. Kijani, kimya. Shemeji akaongeza mwanga. Akauongeza tena, mpaka ikawa taa ambayo hata mzee mwenye mtoto wa jicho angeiona. Kijani zote mama alikaa kimya, na njano zote alibonyeza.

Mkuu alikohoa nyuma yetu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba labda mama anatuchezea. Shemeji akainamia kipaza sauti, akamwomba mama abonyeze akiona taa tu, asibahatishe. Ilichukua muda. Kisha sauti ya mama ikatoka kwenye spika, ndogo, si ile ninayoijua.

"Sawa, mwanangu."

Walipofika kwenye sauti ilikuwa vile vile. Zile zilizochezwa hakuzijibu hata moja. Pale ambapo hakuna kilichochezwa, nukta. Shemeji alikuwa anatoka jasho. Mkuu alishainuka, kasimama na mikono kifuani, na ndipo shemeji akasema neno ambalo nadhani atalijutia mpaka anaingia kaburini.

"Mama, tafadhali. Usitudanganye."

Mama alitoka ameinamisha uso. Hakumtazama shemeji. Hakuniangalia hata mimi. Alikuwa anaufuta mkono wa kulia kwenye lile gauni la kijani, anaufuta, anautazama, anaufuta tena. Shemeji alimletea maji, akatikisa kichwa. Garini siku zote alikaa mbele na kumfundisha mkwe wake kuendesha. Siku ile alikaa nyuma, kajibana kwenye mlango, na mkono kaukalia.

Kabla jua halijazama alikuwa amefungasha. Alimwambia dada kwamba anakuja kukaa kwangu siku mbili tatu, amechoka, hana ugomvi na mtu. Uongo wa wazi kama ule sijawahi kuusikia kwa mama. Dada alinipigia simu kunichimba, na mimi nikasema nilichokiona. Basi moto ukawaka. Dada akamwambia mumewe kwamba kamwita mama yake mwongo mbele za watu, na kwamba mtu asiyemheshimu mama yake haheshimu tumbo alilobeba. Shemeji alikuja kwangu akaomba radhi, karibu apige magoti. Mama aliongea naye akiwa nyuma ya pazia. Akasema amesamehe, na hakutoka. Dada akabaki kitandani, kageukia ukuta, chakula anapikiwa na jirani, mumewe hamsemeshi. Mtoto alikuwa karibu kuzaliwa kwenye nyumba ya namna ile.

Mchana mmoja mama alitaka kumpigia dada ajue kama amekula. Akaweka kidole gumba kwenye simu. Simu ikakataa kufunguka. Akakifuta, akaweka tena, ikakataa. Nikamwambia anipe mkono nione kama una mafuta. Akasita kunipa, kama mtoto aliyevunja kikombe.

Kidole gumba chake kilikuwa laini. Si laini ya mafuta. Ile mistari midogo ambayo kila binadamu anayo haikuwepo. Hata kovu la kisu alilolipata kabla sijazaliwa halikuwepo. Vidole vingine vyote vilikuwa vya mama.

"Mama, hiki kimefanya nini?"

Akaenda kufunga mlango, ingawa tulikuwa peke yetu. Akakaa karibu nami. Aliongea kwa kunong'ona, macho yapo sakafuni, na nilivyomwona anavyoona haya nilitamani nimzuie asiendelee.

"Mume wa dada yako aliingia mle ndani."

Nikakiachia kidole chake.

"Sikusikia mlango. Nilisikia pumzi, hapa, kwenye sikio. Halafu akasimama mbele yangu. Hiyo taa yenu sikuiona hata moja, kwa sababu alikuwa ameiziba. Akanishika mkono huu. Kiganja cha mwanaume, kikavu. Kila mlio ukilia akawa ananikandamiza kidole nisibonyeze, au ananibonyezea. Mimi mwanangu sikubonyeza kitu. Hata mara moja."

Nikamuuliza kwa nini hakupiga kelele.

"Nimuaibishe? Mkuu wake yupo pale. Wewe upo. Dada yako tumbo liko mdomoni. Nilisema moyoni, ni utani wa kijinga, ngoja upite. Niliinamisha kichwa. Naye akaniambia nadanganya, kwa kile kipaza sauti, huku..."

Tulifika wote wawili mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Sauti ile ilitoka nje, kwenye kipaza sauti. Mkono ulikuwa ndani.

"Mama," nikasema, "shemeji hakuinuka kwenye kiti. Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega."

Nilidhani nimempunguzia mzigo. Nilimwona mama yangu akiutazama mkono wake, kisha akinitazama mimi, na usoni pake nikasoma kitu cha aibu kupita yote aliyoyasema. Alikuwa anatamani iwe ni shemeji. Angeweza kuishi na hilo. Alinishika nguo, akanisihi nisimwambie mtu.

Nilimwambia shemeji. Ningefanyaje? Nyumba ya dada ilikuwa inavunjika kwa kosa lisilo na mwenyewe. Nilimfuata kazini Jumamosi mchana, wenzake wameshaondoka, jua linawaka dirishani, nikamweleza kila kitu isipokuwa namna mama alivyoonekana. Sikufikiria itaonekanaje, mimi na mume wa dada yangu kwenye jengo tupu. Shemeji alisikiliza, kisha akaketi taratibu kama mtu wa miaka themanini.

Akaniambia kwamba lilimsumbua tangu siku ile. Mtu anayebahatisha hukosa mara nyingine na kupata mara nyingine. Mama alikosa zote. Na huwezi kukosa zote kama hujui ipi ni ipi. Kisha akaniambia kwamba mama hakuwa wa kwanza. Kuna watu wengi walijibu mitego mitupu, na kanuni yao ya kazi ni kuwafuta. Mtu akibonyeza ovyo kupita kiasi wanamshukuru, wanampeleka mpaka mlangoni, na majibu yake yanafutwa kama hakuwahi kuja. Binti mmoja alitoka analia. Mwalimu mmoja mstaafu alimtukana shemeji, kisha akaomba radhi, kisha akakimbilia ngazini. Hakuna hata mmoja aliyesema kitu.

"Kila mmoja alidhani ni mimi," akasema. "Au mtu mwingine anayemjua. Wakaona haya."

Nilimwambia tufunge mlango, twende zetu, mambo mengine yasemwe kwa mkuu. Akakataa. Akasema ataingia mwenyewe, akitoka salama ataweza kusimama mbele ya mama na kumtazama usoni, na asipoingia hataweza. Akanionyesha pa kuanzisha kipimo. Kazi yangu ilikuwa kutazama skrini tu. Akaingia. Milango ikafungwa, wa kwanza, halafu wa pili.

Muda wa kuzoesha macho ulikuwa mrefu. Spika ilikuwa wazi, nikawa namsikia anapumua. Nilicheza na funguo zake. Niliangalia nje, kuna mtu alikuwa anafagia uwanja.

Mlio wa kwanza. Kijani. Kimya.

Kijani tena. Kimya. Nikajiambia, bonyeza basi, shemeji. Bonyeza.

Njano. Nukta.

Nikasogea kwenye kipaza sauti. Nikamuuliza kwa kunong'ona kama ni yeye anayebonyeza. Hakunijibu. Njano nyingine. Nukta. Nikaongeza sauti ya spika mpaka mwisho. Nilisikia pumzi yake, ya haraka haraka. Kisha, chini yake, nikasikia nyingine. Ilikuwa ya taratibu. Haikuwa na haraka hata kidogo.

Niliita. Hakuna jibu. Nikaenda nikafungua mlango wa kwanza. Nilisimama kwenye ile nafasi ya katikati, mkono kwenye kitasa cha mlango wa pili, nikaita tena. Namuapia yeyote anayesoma: kitasa sikukigeuza. Niliogopa. Nikarudi nyuma, nikafunga, nikawasha taa zote za chumba cha nje na kuzima mashine.

Shemeji alitoka mwenyewe. Alikuwa anaufuta mkono wa kulia kwenye suruali.

"Hamna kitu," akasema. "Mama alichoka tu."

Nikamwonyesha skrini. Njano zote zilikuwa na nukta. Aliangalia kidogo, akakaa, akafuta vyote kwa mkono wa kushoto. Hakunitazama. Nilimuuliza ameshikwa au hajashikwa. Akasema tumechelewa, atanipa gari ya kukodi nirudi nyumbani. Siku zote alinirudisha mwenyewe.

Mambo yakatulia, kwa juu juu. Shemeji alienda kwa mama na safari hii mama akatoka nyuma ya pazia. Sijui walichoambiana. Mama alirudi kwa dada, dada akageuka kutoka ukutani, chakula kikapikwa. Mimi nikangoja kualikwa. Siku zilipita. Nikipiga simu, dada amelala. Nikienda, dada anaoga. Mwisho akanipigia yeye, sauti iko chini, nadhani alikuwa chooni.

"Nakuuliza kama dada yako. Uliingia mle ndani na mume wangu?"

Nikamwambia sikuingia.

"Anasema alisikia mlango. Anasema mkono ulikuwa mdogo. Wa kike."

Nilieleza. Nilieleza sana, na kadiri nilivyoeleza nilijisikia ninavyozidi kuwa mwongo. Mama alipomdhania shemeji vibaya, mimi nilikuwepo kumsafisha. Mimi nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha nje, na ushahidi aliufuta yeye. Dada alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, akakata. Niliona aibu kwa jambo ambalo sikulifanya, na ukitaka kujua, aibu hiyo haina tofauti na ile nyingine. Inachoma pale pale.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Nilikwenda hospitali kwa sababu kutokwenda kungekuwa kama kukiri. Mama alinipokea kwa machozi na kunibana, kisha akaniachia haraka. Dada alinishukuru kwa kuja, kwa ile sauti tunayoitumia kwa majirani wapya.

Shemeji alitoa simu ampige mtoto picha. Akaweka kidole gumba. Simu ikakataa. Akakifuta kwenye suruali, akaweka tena. Ikakataa. Akaihamishia mkono wa kushoto, akabonyeza namba taratibu, na alipoinua uso akakuta namtazama.

Nilimsogelea. Dada alikuwa anamfunika mtoto, mama anatafuta nguo za mtoto kwenye mkoba.

"Nionyeshe mkono," nikamnong'oneza. "Waonyeshe."

Akautia mfukoni. Sasa alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na uso ule nilikuwa nimeshauona kwa mama. Alikuwa ananisihi niwe mimi. Kama si mimi, basi Jumatatu atapanda ngazi zile kwenda kukaa mlango mmoja na kitu hicho, na atawaingiza watu wengine mmoja mmoja, kwa sababu hiyo ndiyo kazi inayomlea mtoto yule.

Dada akauliza tunanong'onezana nini. Mama alisimama katikati ya chumba, nguo ya mtoto mkononi, akimwangalia shemeji mfuko. Alielewa. Nilimwona anaelewa. Kisha akainamisha kichwa, akaendelea kukunja nguo.

Nikasema nimechelewa, naondoka. Shemeji ni mtu wa adabu, mama mwenyewe alimsifu kwa hilo kabla ya kumsifu kwa elimu. Alinisindikiza mpaka mlangoni. Pale, mbele ya mke wake na mama mkwe wake, akanipa mkono wa kushoto.

Dada aliona, na najua alichoelewa: kwamba mtu wa adabu hampi mkono wa kushoto ila mwenye kosa. Nikaupokea.